Crown ya turbo 2.0 au V6 2.5 kwa safari za familia Dar mpaka Tukuyu?

kijana_wa_rungwe
Wakuu habari zenu. Nataka kuagiza Crown Athlete kutoka Japani, ya kuanzia 2016 mpaka 2018 hivi, nyumbani tuko watano na hapo bado mizigo, naishi Dar ila kwetu ni Tukuyu kwahiyo likizo zote njia ni hiyo hiyo ya Morogoro, Iringa, Makambako mpaka Mbeya. Nimekwama kwenye injini. Kuna ile 2.5 V6 (silinda sita) isiyo na turbo ambayo wengi tunaijua toka kwenye Mark X, halafu kuna ile 2.0 silinda nne yenye turbo. Mtaani nikisema turbo tu naambiwa achana nayo hiyo, itakumaliza hela. Naomba mwenye kuzijua hizi injini anieleze kwa sababu, sio ushabiki.

lami_ndefu
Mkuu kwanza achana na horsepower, angalia nguvu ya kuvuta (torque) inapatikana kwenye rpm ngapi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, hapo ndo utaona tofauti. V6 2.5 (4GR) inatoa horsepower 203 na torque yake 243 Nm ila mpaka ufike rpm 4800. Turbo 2.0 (8AR) inatoa horsepower 235, torque 350 Nm na yote unaipata kuanzia rpm 1650 mpaka 4400. Sasa fikiria uko mlima Kitonga, umejaza watu na buti limejaa, mbele kuna semi limebeba kontena linatambaa na nafasi ya kulipita ni fupi sana, V6 itabidi ishuke gia mbili ipige kelele ndo iondoke, turbo unakanyaga kidogo tu inaondoka tena inakuja na gia 8 wakati V6 ina 6. Kuovateki haraka pale ni usalama wa watoto wako, sio mambo ya mbio.

Halafu kitu ambacho watu wa Dar hawakifikirii ni hewa. Mbeya iko kama mita 1700 juu ya bahari, presha ya hewa pale imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar, na injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu kwahiyo nguvu nayo inapungua karibu kiasi hicho hicho. Ile V6 yako ya 203 ikifika Uyole pale Mbeya haiko 203 tena. Turbo inachukua moshi unaotoka ekzosi inazungushia feni inayosukuma hewa ndani ya injini, hewa ikiwa nyepesi yenyewe inaongeza kasi kufidia, kwahiyo huko juu hutaona imechoka sana. Mtu wa nyanda za juu kabisa mi namwambia achukue turbo bila kusita.

mama_wa_mbezi
Kaka lami_ndefu umeongea vizuri ila huyu ndugu anaishi Dar, Tukuyu anaenda likizo. Siku nyingi za mwaka gari itakuwa kwenye foleni, safari fupi fupi, AC muda wote, nje joto kali. Hapo V6 ndo inanifaa mimi maana ni laini, haina mtetemo, ukiondoa mguu breki inateleza yenyewe taratibu na haina mambo mengi chini ya bonati, hakuna intakula (kipoza hewa ya turbo), hakuna mabomba ya presha ya kupasuka. Na jambo lingine hamjasema, hiyo 2.0 turbo kule Japani imetengenezewa petroli ya premium, V6 2.5 inatumia ya kawaida. Na suala la ulaji mafuta watu wanadanganyana sana humu, turbo ndogo inakula kidogo ukiendesha taratibu, ukiijaza watu watano ukapandisha nayo mlima huku umekanyaga itakunywa kama V6 au kuizidi, maana hewa ikiongezwa na petroli lazima iongezwe.

fundi_spana
Niwaambie tunachokiona gereji. Turbo nyingi ninazoshusha tatizo limeanzia kwenye oili, sio kwenye turbo. Ule mhimili wa feni yake unaweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na kwenye turbo nyingi unaelea kwenye utando mwembamba wa oili, upande wa pili kuna moshi wa ekzosi ambao joto lake linaweza kupita nyuzi 800. Sasa mtu anaweka oili ya bei rahisi, anaambiwa abadilishe anasema bado nyeusi kidogo tu, ile oili inaungua inakuwa masizi, kibomba cha kupeleka oili ni chembamba kinaziba, mhimili unakauka. Hapo lawama zote kwa turbo! Hata sifa mbaya ya Subaru za turbo za zamani nyingi zimetokea hapa hapa, gari imepita mikono mingi na hakuna anayejua historia ya oili yake.

Oili iwe full synthetic ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, mi wateja wangu wa turbo nawabadilishia kila km 5000 pamoja na filta, na ukitoka kupanda mlima mrefu usizime hapo hapo, iache silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) dakika moja au mbili ipoe.

Ila na nyie wa V6 msijione salama. Ile 4GR sindano zake zinapiga petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwahiyo hakuna petroli inayoosha valvu za kuingizia hewa na masizi yanajijenga pale, gari inaanza kutetema silensa na kukosa nguvu, watu wanabadilisha plagi na koili sita zote wakati tatizo ni masizi. 8AR ina sindano za aina zote mbili, za ndani na za kwenye njia ya hewa, hili tatizo linapungua sana. Kwahiyo habari ya kwamba isiyo na turbo haina usumbufu, kwa hizi injini mbili siikubali.

kijana_wa_rungwe
Aisee hapa nimejifunza. Na upande wa ushuru? Na gari ya mtumba nitajuaje turbo yake bado nzima?

lami_ndefu
Ushuru wa bidhaa injini ya cc 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni 10, turbo ina cc 1998 na V6 ina 2499, hapo turbo inakupa nafuu. Ila bei ya kununulia turbo inaweza kuwa juu, na umri wa gari nao una tozo zake, ingia kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) uweke zote mbili uone jumla.

fundi_spana
Ukiagiza dai karatasi ya mnada (ya ukaguzi wa gari kule Japani) na uulize kama kitabu cha sevisi kipo, kama hakipo tafuta nyingine, zipo nyingi. Ikifika bandarini usianze nayo safari ya Mbeya, mwaga oili yote kwanza. Kama unanunua iliyopo hapa hapa mwambie fundi afungue bomba la hewa la kuingia kwenye turbo ashike ule mhimili kwa vidole, kucheza kidogo pembeni ni kawaida, ukicheza kwenda mbele na nyuma hiyo iache. Angalia pia kama kuna oili imetuama kwenye mabomba, halafu iache iungurume silensa muda kidogo kisha ipige resi ghafla huku mwenzio anaangalia ekzosi, ukitoka moshi wa bluu usilipe hata advansi.

mama_wa_mbezi
Mi bado nachukua V6 kwa Dar, ila kwa hiyo njia yako ya Kitonga na watoto ndani sitabishana na kaka lami_ndefu. Kama utakuwa mtu wa kufuata hizo km 5000 za fundi chukua turbo.