Tupeane uzoefu: Picha za zamani mnazitumiaje kuwafundisha watoto historia ya kwetu?

Mama Wawili (Unguja)
Assalaam aleikum wanajamvi. Naanza mimi. Wangu wawili, miaka 9 na 12, historia kwao ni kukariri masultani tu. Siku moja nikawawekea mezani picha mbili za Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani la hapa mjini, moja ya kabla ya 1896 na nyingine ya baadaye. Sikueleza kitu. Nikawaambia, tafuteni kilichohama.

Mdogo ndiye aliyeona: "Mama, mnara ulikuwa nje!" Ni kweli, zamani mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. "Sasa ulikwenda wapi?" Hapo ndipo tukaingia kwenye mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita visivyotimiza hata saa moja. Mnara uliharibiwa, na baadaye ule wa saa ukajengwa kwenye jumba lenyewe. Tarehe hiyo sijawahi kuwakumbusha tena.

Kisha mkubwa akafungua simu yangu, akakuta picha tuliyopiga Forodhani sikukuu ya 2019. Jumba zima, mnara juu. Sote tunajua kilichotokea Desemba 2020, upande wa mbele wa jumba uliporomoka, mnara na vyote. Akaniambia, "Basi na hii ni picha ya zamani." Nikakosa la kujibu.

Mwalimu wa Darasa la Tano (Dar)
Dada, hilo la "kilichohama" naliiba! Mimi nawapa onyo tu. Niliwaagiza wanafunzi walete picha za nyumbani, mmoja akaibandika ya harusi ya bibi yake kwenye daftari. Kwa gundi. Niliyoambiwa na yule bibi siandiki hapa. Siku hizi nasema pigeni picha ya picha kwa simu, ya asili ibaki kabatini.

Bi Mkubwa wa Kisiwani (Mombasa)
Kwetu ni zile pembe kubwa za ndovu, za kutengenezwa, zilizosimamishwa juu ya barabara ya Moi Avenue. Ziliwekwa kwa ajili ya ziara ya binti mfalme Elizabeth ya 1952, mwanzo jozi moja tu, ya pili ikaongezwa baadaye. Kwa hiyo wajukuu wangu huzitumia kama kalenda: barabara tupu, ni kabla ya 1952, jozi moja, miaka michache baadaye, zikiwa nne kama herufi M, ni baadaye zaidi. Albamu nzima wameipanga hivyo.

Sasa, shangazi yangu siku zote hudai alizaliwa mwaka wa Uhuru, 1963. Watoto wakaipata picha yake, amebeba mkoba wa shule, chini ya jozi moja. Pembe zikamuumbua!

Mchokozi
😂 Mpeni pole. Ila swali: hizo picha nani alipiga? Niliwaonyesha wanangu postikadi za enzi za ukoloni, mwanamke amesimamishwa na mtungi, chini pameandikwa kabila lake tu. Binti yangu akauliza, "Kwa nini hana jina?" Nikaishiwa. Jioni hiyo akamfuata bibi yake na bahasha ya picha, akaandika majina nyuma ya kila moja. Tulipofika katikati bibi akasema, "Huyu simkumbuki, mpelekeeni mzee wa nyumba ya pili." Bado tunazungusha bahasha mtaani.

Mwalimu wa Darasa la Tano (Dar)
Andikeni kwa penseli, jamani. Wino wa kalamu hupenya hadi mbele.

Mchokozi
Umechelewa mwalimu. Babu tayari ana doa la buluu shavuni.