Naomba ushauri: nianze na filamu ipi ya zamani ya kutisha?

Wakuu, habari za jioni. Nina mdogo wangu wa miaka 17 anayedai filamu isiyo na rangi haiwezi kumtisha mtu. Likizo hii nataka kumwonyesha za zamani, ila nikikosea ya kwanza, hatarudi tena.

Moyo wangu uko kwa Cat People ya mwaka 1942, ya mwanamke anayeogopa kugeuka chui. Bajeti ilikuwa ndogo, mtayarishaji Val Lewton akaamua mnyama asionekane waziwazi. Kuna sehemu dada mmoja anaogelea peke yake usiku, vivuli vinacheza ukutani, ngurumo ya mnyama inasikika, basi. Mpaka leo nikiitazama naweka simu pembeni na kukaa wima. Kwangu inaizidi Dracula ya 1931, ambayo ikishatoka kule kwenye kasri inapoa na kuwa mazungumzo ya sebuleni, ingawa macho ya Bela Lugosi, aliyeigiza Dracula, sijaona mfano wake.

Wasiwasi wangu ni kwamba Cat People inakwenda taratibu, na mdogo wangu amezoea damu. Je, nianze na Psycho ya 1960, ambayo damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti? Au niache kutisha kwanza, nimpe Columbo, ile tamthilia ya TV ya mpelelezi aliyeigizwa na Peter Falk, ambapo muuaji unamjua tangu mwanzo na raha yote ni kuona atakavyonaswa?

Mliofanikiwa na vijana wenu, mlianza na ipi? Na mlikaa nao kutazama, au mliwaachia wenyewe?