Mrejesho: binti yangu na kazi ya makumbusho, Bagamoyo

Wakuu, niliwauliza kama nimruhusu binti yangu wa kidato cha tatu ajifunze kuongoza watoto wa shule kwenye makumbusho wakati wa likizo, kwa posho. Mlionitajia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ahsante: kuanzia miaka 14 kazi nyepesi ruksa, ilimradi isimharibie shule. Tukaandikishana siku na saa.

Wiki ya kwanza alikariri tu, watoto wakasinzia. Mama mmoja mwongozaji akamwambia aache kumwaga miaka, aanze na swali. Siku niliyopita nikamkuta mbele ya darasa la nne: "Nani anaweza kutembea kutoka Zambia mpaka hapa?" Kimya. Ndipo akawaleta Chuma na Susi na wenzao, waliobeba maiti ya Livingstone, yule mmisionari Mskoti, kutoka huko hadi Bagamoyo, Februari 1874.

Katoto kakauliza, "Haikunuka?"

"Walitoa matumbo, wakaipaka chumvi, wakaianika juani." Hakupepesa hata jicho. Mimi huko nyuma nimeziba mdomo.

Posho ndiyo ilisumbua, imechelewa wiki tatu na simu zangu hazihesabiki. Imeingia juzi, kashanunua viatu. Desemba anarudi.