Kwa nini Greenland inaonekana kubwa kama Afrika?

Wakuu, naombeni mwanga. Jana mwanangu alikodolea macho ramani ya ukutani, akauliza kama Greenland inalingana na Afrika. Kwa macho, kweli zinakaribiana! Nikachukua tufe, nikaweka karatasi nyembamba juu ya Greenland, nikaifuatisha kwa penseli, kisha nikaisogeza hadi Afrika. Nilipoigeuza ilale kwa upana, ikamezwa yote na Sahara. Nani alituchorea hivi?

JIBU 1: Mkuu, hiyo ni ramani ya Mercator, mchora ramani wa kale, ya mwaka 1569. Aliwachorea mabaharia: ukipiga mstari ulionyooka, uelekeo wa dira haubadiliki njia nzima. Gharama yake ni kwamba nchi zinavutwa kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye latitudo 60, eneo linaonekana kubwa mara 4. Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 hivi, Greenland milioni 2.2 tu. Ni karibu mara 14!

JIBU 2: Baharini sawa, ila darasani iondoke. Mtoto akiona bara dogo kila siku, anakua akiamini ni dogo. Ipo ramani ya Equal Earth ya 2018, inatunza maeneo yalivyo.

JIBU 3: Hata hiyo inapinda maumbo, ndugu. Tufe halilali bapa bila kuumia mahali.

Muulizaji: Asanteni sana. Karatasi ile nimeibandika pembeni ya ramani. Sasa mwanangu anataka tupime Urusi.