Je, kura ya chama kidogo hupotea?

Mpiga kura wa Pwani:
Agosti 2022, katika uchaguzi mkuu wa Kenya, nilisimama kituoni nikiwa na karatasi sita mkononi, na iliyonitatiza ni ile ya kijani, ya mbunge. Niliyemwamini alikuwa wa chama kidogo, lakini mjomba alikuwa amekwisha kunionya kwamba nitaitupa kura yangu, basi nikampa wa chama kikubwa na hadi leo moyo haujatulia. Je, mjomba alisema kweli?

Karani Mstaafu:
Ndugu yangu, inategemea ni sanduku lipi. Kwa urais, Katiba ya Kenya inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, huku wagombea wa vyama vidogo, George Wajackoyah akipata 61,969 na David Mwaure 31,987. Piga hesabu mwenyewe: Ruto aliivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000, kwa hiyo kama watu 140,000 kati ya waliobaki nyumbani wangejitokeza kumpigia yeyote kati ya hao wawili, tungekwenda duru ya pili. Kwa ubunge, mjomba wako ana hoja, kwa sababu anayeongoza hata kwa kura moja ndiye anayeapishwa, na vile viti 12 vya wabunge wa kuteuliwa hugawanywa kwa kufuata viti ambavyo chama kimeshinda, si kura kilizopata. Hata hivyo, mgombea anayejulikana nyumba kwa nyumba anaweza kushinda kwa chama chochote, hasa katika wadi.

Msomaji wa Tanga:
Huku kwetu Tanzania mambo ni kinyume kabisa. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, Rais hahitaji nusu ya kura, hivyo kumpigia mgombea mdogo wa urais hakumzuii mkubwa. Kura za ubunge ndizo zenye uzito, kwani chama kinachofikisha asilimia 5 ya kura halali nchini hugawiwa viti maalumu vya wanawake, hata kama mgombea uliyempigia ameangushwa jimboni. Nakiri kwamba asilimia 5 ni mlima kwa vyama vingi.

Karani Mstaafu:
Nimesahau jambo moja. Chama kinaweza kuihamishia kura yako upande mwingine: UDM (United Democratic Movement) kiliingia uchaguzi wa 2022 kikiwa ndani ya Azimio, muungano wa Raila Odinga, na baada ya matokeo kikahamia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Mkataba wa muungano huwasilishwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, kwa hiyo mgombea akija kuomba kura, muulize chama chake kimetia sahihi na nani.

Mpiga kura wa Pwani:
Ahsanteni. Mgombea wangu nilimuuliza kuhusu maji na barabara tu. La mkataba halikunijia hata kidogo.