Msaada: nitaipangaje miale ya leza iliyosokotwa? Nina wiki moja

Mtoto_wa_Bombo: Shikamooni wakubwa. Niko Kampala, nasoma fizikia. Nina miale ya leza iliyosokotwa: wimbi lake linajizungusha kama parafujo, na kila fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, inabeba momenta ya mzunguko. Ukutani unaona pete yenye shimo jeusi. Natakiwa kuipanga, yaani kuitenganisha kwa msokoto 1, 2 na 3 (wimbi linajizungusha mara ngapi katika urefu mmoja wa wimbi), wa kulia na wa kushoto. Nasikia prizimu za Dove, vipande vya kioo vinavyopindua taswira, ndizo dawa. Zapatikana wapi kwa bei nafuu? Usingizi sipati.

Mama_Ntinda: Mwanangu, leza na macho havipatani. Mtoto wa kaka yangu alichomelea vyuma Katwe bila miwani, leo anasoma simu ikiwa puani. Na usingizi ulale.

Fundi_Arua: Mimi niliagiza lenzi ya projekta, ikafika baada ya miezi 4 ikiwa na ufa. Usimpe pesa mtu asiye na duka.

Optiki_Mbarara: Kijana, umeshanunua au bado? Swali lako lanukia risiti.

Mtoto_wa_Bombo: Bado. Nimetoa amana tu.

Optiki_Mbarara: Kwa pesa ipi?

Mtoto_wa_Bombo: Ya hosteli. Ya muhula mzima. Lakini sikukurupuka, kaka. Mwaka 2002 watafiti wa Glasgow walipima hata fotoni moja moja kwa prizimu hizo.

Optiki_Mbarara: Kweli, ila hatua ya kwanza ya mtambo ule inatenga shufwa na witiri tu. Msokoto 1 na 3 zitatokea mlango mmoja, na wa kulia na wa kushoto vilevile. Tena mwanga hugawanywa njia mbili, na urefu wake usitofautiane hata kwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Boda zikipita nje, kazi imeharibika. Wale walihitaji kupanga kwa sababu fotoni moja haipimwi mara mbili. Wewe una leza nzima, unahitaji kupima tu.

Wakala_Jinja: Uzi wa kutunga huu. Mwanga unasokotwa kama nywele? Na vifaa vyake ni vya mamilioni. Subirini, namba ya kutuma pesa inakuja.

Mtoto_wa_Bombo: Sijaomba hata shilingi. Misokoto yangu nimeichapisha Nasser Road, mtaa wa wachapaji.

Fundi_Arua: Nasser Road, kwa waghushi wa vyeti! Basi mwanga wenyewe ni wa kughushi.

Mtoto_wa_Bombo: Cheka, lakini nisikilize. Ni filamu ya plastiki angavu, printa ya nukta 1200 kwa inchi, mistari kila milimita 0.2. Katikati mstari mmoja unapasuka kuwa miwili, kama uma. Naupitisha mwale mwekundu wa nanomita 650, ukuta uko mita 4. Katikati kuna doa, na kila upande, kama sentimita 1.3, pete. Kurwa na doto. Najua moja imesokotwa kulia na nyingine kushoto, ila kwa macho sina ushahidi. Ndiyo maana nikakimbilia prizimu.

Optiki_Mbarara: Hilo ndilo ungeanza nalo! Tafuta miwani ya kusomea, ile dhaifu ya +1. Pitisha pete moja tu kwenye lenzi, iinamishe lenzi kiasi, kisha sogeza karatasi polepole kwenye fokasi, pale mwanga unapokusanyika, kama mita 1 kutoka kwenye lenzi. Pete itakatika vipande. Hesabu mistari ya giza katikati yake: idadi ndiyo msokoto, na upande ilikolalia unakuambia kulia au kushoto. Alama ni ndogo kuliko milimita chache, ipige picha kwa simu uikuze.

Mtoto_wa_Bombo: Kwa miwani tu? Na mimi nimeshaahidi kwamba prizimu zinakuja.

Optiki_Mbarara: Jaribu usiku huu, kaka.

Mtoto_wa_Bombo: Saa nane usiku. Nimeazima miwani ya askari wa getini. Pete ya kulia: mstari mmoja wa giza, umelalia huku. Ya kushoto: mmoja, umelalia kule. Filamu ya tatu, ya msokoto 3, mistari mitatu, nimehesabu mara nne. Mikono inatetemeka.

Wakala_Jinja: Weka picha.

Mtoto_wa_Bombo: Nimeweka.

Wakala_Jinja: Nimeona mistari. Samahani, ndugu.

Mama_Ntinda: Na ile amana?

Mtoto_wa_Bombo: Muuzaji alisema hairudi, mama.

Optiki_Mbarara: Mpigie saa moja asubuhi, kabla hajaagiza.