Ushauri: tumeitwa kujenga ndani ya kambi ya zamani ya jeshi iliyo msituni, tubomoe au tubakize?

MwanaKota

Wakuu heshima kwenu. Nimekwama na wenzangu wananisubiri niseme kitu.

Ni hivi, tupo familia 22 tuna ushirika wetu wa nyumba, na kuna kambi ya jeshi iliyofungwa zamani, msitu umeizunguka, ina bwawa, na njia zilizokuwa zinapita vifaru sasa nyasi zinafika kiunoni. Wenye mamlaka ya eneo wamesema sehemu kubwa itabaki hifadhi, sehemu ndogo itajengwa makazi, na sisi ni kati ya walioitwa kutoa mapendekezo. Mwendelezaji tunayeshirikiana naye ameshachora ramani, anataka mahanga yote (mabweni ya zamani ya askari) yavunjwe na nyumba mpya ziwe pembeni ya bwawa kwa sababu ndiko kwenye mandhari nzuri, na wengi wamependa.

Mimi roho haijatulia. Nimezaliwa kwenye kota za kambi hiyo hiyo, mzee wangu alikuwa askari pale, nakijua kile kimya, usiku unasikia vyura mpaka usingizi unakuchukua. Sasa tukijaza nyumba pale bwawani si ndio tunawafukuza wale wale tuliowafuata?

Tubomoe au tubakize? Na ardhi iliyokaliwa na jeshi ina hatari gani ambazo mtu wa kawaida hawezi kuziona kwa macho?

Fundi_Zege

Mkuu usikubali yavunjwe yote kabla injinia hajayapima moja moja. Mahanga mengi ya kijeshi yamejengwa kwa kuta nene na madirisha ya mpangilio mmoja, ukiondoa kuta za ndani zisizobeba mzigo unapata nyumba nzuri tu, na msingi na mifereji tayari ipo.

Angalia Vauban kule Freiburg, Ujerumani. Ilikuwa kambi ya wanajeshi wa Ufaransa, wakaondoka 1992, leo wanaishi pale watu zaidi ya 5,000. Baadhi ya mahanga yakageuzwa mabweni ya wanafunzi na makazi ya watu wa kipato kidogo, miti mikubwa ya enzi za jeshi ikaachwa na nyumba zikapangwa kuifuata miti, sio miti kufuata nyumba. Magari wameyaweka kwenye maegesho ya pembezoni, barabara za ndani watoto wanacheza. Na sehemu kubwa ilijengwa na vikundi vya familia kama nyie hivyo, wanaungana wanatafuta msanifu wao wenyewe. Kwahiyo msijione wadogo mbele ya huyo mwendelezaji.

Nondo

Napingana kidogo na Fundi. Majengo mengi ya zamani yana asbesto (madini ya nyuzinyuzi, vumbi lake ni sumu ukilivuta) kwenye mapaa na kwenye vifuniko vya mabomba, rangi zina madini ya risasi, dari fupi, joto linaingia kama hakuna ukuta. Nimefanya ukarabati wa jengo la namna hiyo, bajeti ilikwisha hata paa hatujamaliza. Kuna wakati kuvunja ni nafuu.

Mpima_Udongo

Nondo una hoja, ila kuvunja nako kuna hatari zake. Lowry kule Denver, kambi ya jeshi la anga iliyofungwa 1994, walikuja kukuta asbesto kwenye udongo mwaka 2003 nyumba zikiwa tayari zinajengwa, mabaki ya majengo ya zamani yalikuwa yamefukiwa hapo hapo. Ukivunja ovyo unahamisha tatizo kutoka kwenye paa kwenda kwenye bustani ambayo mtoto anachezea mchanga.

MwanaKota nikujibu swali lako la pili maana ndiyo kazi yangu. Jengo unaliona, udongo hauuoni. Kambi yoyote ina karakana, na karakana ina matangi ya mafuta chini ya ardhi yanayovuja polepole miaka na miaka, na vimiminika vya kusafishia grisi ambavyo vikishuka kwenye maji ya chini havitoki kirahisi. Uwanja wa shabaha una risasi za bunduki zilizozama kwenye tuta, na madini yake yanabaki pale. Kama kulikuwa na mafunzo ya mizinga kuna mabomu yasiyolipuka. Fort Ord kule California ilifungwa 1994 na miongo imepita bado wanasafisha, kuna sehemu inabidi wachome vichaka kwa mpango maalum ndipo wataalamu waweze kuona chini kuna nini.

Kinachonitisha kuliko vyote ni sehemu ya mazoezi ya kuzima moto. Povu lililotumika kuzima moto wa mafuta kwa miongo mingi lina kemikali zinaitwa PFAS, hazivunjiki zenyewe, zinaenda na maji ya mvua mpaka kwenye bwawa na visima, na samaki wanazihifadhi mwilini. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka 1991 watu waliokimbia waliwekwa ndani ya kambi ya Clark iliyoachwa na Wamarekani, wakawa wanakunywa maji ya visima vya humo humo, baadaye ndio ikaja kujulikana maji yana mafuta na sumu nyingine. Walikuwa wameshaponea volkano wale watu. Nikiikumbuka hiyo naumia kila mara.

Kwahiyo msisaini chochote kabla ya ripoti ya udongo NA ya maji, na iandikwe kwenye mkataba nani atalipa kikikutwa kitu baada ya nyie kuhamia.

BintiMisitu

Dada/kaka MwanaKota hiyo hofu yako ya vyura ni ya kweli, isikie.

Watu wanashangaa kwanini kambi za jeshi zina viumbe wengi hivyo, sababu ni kwamba fensi ilizuia kilimo, mbolea na ujenzi kwa miaka mingi. Hata vifaru vilisaidia, vinachimbua madimbwi ya muda. Pale Salisbury Plain Uingereza kuna aina ya kamba wadogo wa maji baridi wanaishi kwenye madimbwi ya njia za vifaru, mayai yao yanasafiri na tope lililoganda kwenye magari. Popo nao wanapenda mahandaki kwa sababu hali ya hewa mle haibadiliki sana, Nietoperek kule Poland makumi ya maelfu ya popo wanalala majira ya baridi kwenye ngome za zege za chini ya ardhi. Mkikuta handaki lina popo wekeni nondo mlangoni wapite wao, watu wasipite.

Kanuni yangu ni moja, jenga palipokwisha kuharibika. Uwanja wa gwaride, maegesho ya magari ya jeshi, palipo na lami na zege. Soesterberg ya Uholanzi, kambi ya ndege za kivita iliyofungwa 2008, sehemu kubwa ni hifadhi na njia ya kurukia ndege imebaki watu wanatembea na baiskeli, nyumba zimewekewa sehemu yake na fedha zake zikasaidia kuitengeneza hifadhi. Na taa! Taa za barabarani zikiwa nyingi na nyeupe kali mmewamaliza wadudu na popo, wekeni chache, za chini, rangi ya manjano. Paka na mbwa nao wazungumzieni mapema, ni ugomvi baadaye.

Kitasa

Swali dogo tu, ardhi itakuwa ya nani? Presidio ya San Francisco jeshi liliondoka 1994, ikawekwa chini ya hifadhi ya taifa, 1996 ikaundwa taasisi maalum ya kuisimamia, nyumba za wanajeshi wanapangisha hawauzi, na kodi hizo ndizo zinatunza msitu na majengo, toka 2013 haitegemei ruzuku ya kila mwaka ya serikali. Mkigawana viwanja kila mtu na hati yake, miaka kumi mbele mmoja ataweka ukuta, mwingine atakata mti, na hakuna wa kumuuliza. Bora ardhi ibaki ya ushirika.

MzeeSentri

Mwanangu, umesema mzazi wako alikuwa askari pale. Yuko hai? Muulize yeye. Ramani za ofisini zinaonyesha majengo, hazionyeshi oili chafu ilikuwa inamwagwa wapi. Sisi tuliokaa kambini tunajua. Muulize wa karakana, wa stoo na wa zimamoto, tena waulize kwa heshima, usiwafanye wajisikie kama watuhumiwa, wakati ule hakuna aliyetuambia kuwa ni sumu.

MwanaKota

Wakuu narudi na apdeti, na nisameheni ni ndefu maana bado mikono inanitetemeka.

Mzee yupo, shikamoo yako MzeeSentri, nimekaa naye jana mchana kutwa. Nilimwekea karatasi akachora kambi nzima kwa kumbukumbu, geti, mesi, kota zetu, ghala, karakana. Halafu nikamuuliza zimamoto walikuwa wanafanyia wapi mazoezi. Akaonyesha pale juu ya bwawa, kwenye ule uwazi usio na miti. Kulikuwa na shimo, wanamwaga mafuta wanawasha, wanazima kwa povu, povu linateremka mpaka majini na sisi watoto tulikuwa tunalikimbilia kulishika. Samaki wa lile bwawa tumekula utoto wetu wote. Mzee akanyamaza muda mrefu, akasema mbona hakuna aliyewahi kuniuliza.

Hapo ndipo ramani ya mwendelezaji imeweka nyumba 14 kati ya 22.

Nimeshawaonyesha wenzangu mchoro wa mzee. Tumekubaliana bwawani hakuna nyumba hata moja, tutapendekeza uwanja wa gwaride na mahanga mawili ya karibu na geti ambayo Fundi_Zege umenishawishi yapimwe kwanza, ardhi iwe ya ushirika, na asbesto itolewe na wenye leseni kabla fundi mwingine hajagusa paa. Mwendelezaji amekasirika, amesema tunachelewesha. Acha tuchelewe.

Mpima_Udongo nisaidie la mwisho, pale kwenye shimo la moto tuwaambie wachukue sampuli vipi? Nataka nikiingia kikaoni nijue ninachosema.

Mpima_Udongo

Pole sana, na mpe mzee salamu, huo mchoro umewafanyia kazi kubwa sana.

Sampuli za udongo zichukuliwe juu na kwa kina tofauti, ndani ya shimo na kwenye mteremko wote hadi ukingoni mwa maji, pamoja na tope la chini ya bwawa. Kisha visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, visikae kwenye mstari mmoja, hapo ndipo mtajua maji ya chini yanaelekea upande gani. Kama yanaelekea kwenye uwanja wa gwaride basi msichimbe kisima cha kunywa huko hata nyumba zikiwa salama, vuteni maji ya bomba kutoka nje. Waambie maabara ipime PFAS kwa jina, vipimo vya kawaida vya maji havizigusi. Na ule mchoro upigeni picha, auweke sahihi na tarehe, uambatanishwe kwenye mapendekezo yenu.